Goma: Namna ya kushika maneti, na kwa nini ile mbovu isibaki kwa mtu mmoja

Katika vyumba vya pley vya Majengo, Katoyi, Ndosho na kwingine mjini Goma, kuna jambo linaloonekana kila siku ambalo watu hawalizungumzii. Kijana anamaliza mechi, anaweka maneti chini, kisha anakunja na kukunjua mkono wa kuume kama mtu aliyetoka kulima. Anajisugua chini ya kidole gumba. Wenzake wakimuuliza, anacheka na kusema ni baridi. Baada ya dakika kumi yuko tena kwenye benchi.

Si baridi. Ni namna anavyoishika ile maneti, na ni hali ya maneti yenyewe aliyopewa. Mambo hayo mawili yanaenda pamoja, na la pili ndilo watu wa mtaa hawataki kulisikia, kwa sababu linagusa wenye vyumba na linagusa pia desturi ya wachezaji.

Mzazi atasema: kuna vita, kuna njaa, na mtu anakuja kutuzungumzia maneti? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Jamaa nyingi zilizokimbia Masisi, Rutshuru na Nyiragongo ziliacha shamba, ng'ombe na nyumba. Kijana wa jamaa kama hiyo hana tena kitu cha kuuza isipokuwa nguvu za mikono yake. Kwa mikono hiyo anasukuma chukudu, anabeba bidoni za maji, anajifunza ushonaji, anavunja mawe ya volkano kwa ajili ya wajenzi. Mkono ukiharibika kwenye benchi ya mchezo, kesho yake hauendi kazini. Na vijana wanacheza, wazazi wapende wasipende. Mtoto aliyepoteza masomo kwa mwaka mzima na ambaye hana pa kukaa mchana kutwa, chumba cha pley kinampa benchi, wenzake wa kuzungumza nao na dakika chache za kusahau. Kumkataza tu kwa fimbo hakujawahi kufaulu. Heri afundishwe kushika vizuri.

Maneti yenyewe ina historia, na historia hiyo inaeleza mengi. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ya Japani ilipotoa mashine yake ya nyumbani, Famicom, maneti zake zilikuwa bapa kama kipande cha sabuni iliyokatwa: msalaba wa kuongoza upande wa kushoto, vifungo viwili upande wa kuume. Vidole vya nyuma havikuwa na pa kushika. Mwaka 1990 mashine iliyofuata, Super Famicom, iliongeza vifungo viwili juu mabegani, na hapo ndipo vidole vya shahada vilipopata kazi. Sony ilipokuwa ikitayarisha PlayStation yake ya kwanza, iliyotoka Japani mwezi Desemba 1994, mchoraji wake Teiyu Goto alitaka maneti yenye mikono miwili inayoshuka, mtu aikamate kwa kiganja kizima. Baadhi ya wakubwa wa kampuni walikataa, wakaogopa kwamba wateja waliozoea maneti bapa wangeikimbia. Norio Ohga, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alisimama upande wa Goto. Ile mikono miwili ikabaki. Vijiti viwili vya dole gumba vilikuja mwaka 1997.

Kwa hiyo ile mikono miwili haikuwekwa kwa uzuri wa macho. Iliwekwa ili uzito wa kitu ubebwe na kiganja pamoja na vidole vitatu vya nyuma, yaani cha kati, cha pete na kile kidogo, ili gumba na shahada vibaki huru kufanya kazi. Mchezaji anayebana maneti kwa gumba na shahada, huku vidole vya nyuma vikining'inia, anairudisha miaka ya Famicom. Anabeba kwa vidole ambavyo vilitakiwa kucheza.

Na hivyo ndivyo wengi wanavyoshika. Ukisimama nyuma ya benchi ukaangalia mikono badala ya televizyo, utaona kucha zimekuwa nyeupe kwa kubana. Utaona gumba limesimama wima juu ya kijiti, linasukuma kwa ncha. Utaona kifundo cha mkono kimekunjwa kuelekea ndani, na mabega yamepanda hadi karibu na masikio. Timu ikishambuliwa, maneti inainuka pamoja na mchezaji, kana kwamba ukiiinua mpira utakwenda mbali zaidi. Huo wote ni nguvu inayopotea. Mashine haijui kama umebana au umegusa tu. Katika michezo ya mpira, kinachopimwa kwenye kifungo cha kupiga ni muda ambao kidole kimekaa juu yake, si uzito wa kidole. Anayesukuma kwa hasira mpira wake hauendi kasi zaidi kuliko wa yule anayegusa polepole kwa muda uleule.

Wazee waliotoka Masisi wanaweza kulifundisha jambo hili vizuri kuliko vijana, ingawa hawajawahi kushika maneti. Mtu aliyekamua ng'ombe kumi kila asubuhi anajua kwamba wa kwanza kuchoka ni gumba, na kwamba mkamuaji mzuri hakamui kwa kuvuta na ncha za vidole. Anafunga kiganja chote, kidole kimoja baada ya kingine. Mkulima naye anajua kwamba jembe halibanwi njia yote. Linapopanda juu, kiganja kinalegea. Linaposhuka na kugusa udongo, kinakaza. Kisha kinalegea tena. Anayebana mpini toka asubuhi hadi saa sita anapata malengelenge mbele ya wenzake. Maneti ni hivyohivyo. Kuna kukaza kwa nukta moja unapopiga, na kuna kulegea wakati mwingine wote.

Sasa namna yenyewe. Acha mikono ya maneti ikae katikati ya viganja, isiwe kwenye ncha za vidole. Vidole viwili au vitatu vya nyuma viizunguke bila kubana. Gumba la kushoto liguse kijiti kwa nyama yake laini, ile sehemu ambayo mtu anaweka wino anapotia alama ya gumba kwenye karatasi, wala si kwa ncha wala kwa kiungo. Gumba liwe limekunjwa kidogo. Kifundo cha mkono kiwe kimenyooka, mkono na kigasha viwe mstari mmoja. Viwiko vishuke karibu na mbavu, na vigasha vilale juu ya mapaja. Kuna jaribio rahisi la kujua kama umebana: mwambie mtoto mdogo achukue maneti mikononi mwako mchezo ukiendelea. Ikitoka bila kuvutana, umeshika vizuri. Akilazimika kuvuta kwa mikono miwili, bado.

Kwa gumba la kuume kuna ujanja ambao wachezaji wazuri wanautumia bila hata kujua. Hawalinyanyui gumba kutoka kifungo kimoja kwenda kingine. Wanalilaza kati ya iksi na kare, au kati ya iksi na ron, kulingana na mchezo, halafu wanaliviringisha tu. Kwenye mchezo wa FIFA pasi ya chini ni iksi na kupiga golini ni ron. Kwenye PES ya zamani pasi ni ileile iksi, lakini kupiga ni kare. Anayehama kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine bila kubadilisha mlalo wa gumba, mara nyingi ndiye anayelia kwamba maneti imemsaliti.

Kuna ubishi ambao haukomi katika vyumba hivyo: kidole kimoja au viwili huko juu? Wengine wanaweka shahada peke yake upande wa kuume, inaruka kati ya R1 na R2. Wengine wanaweka shahada juu ya R1 na kidole cha kati juu ya R2, hakuna kuruka. Hawa wa pili wanasema wanawahi zaidi, na ni kweli, kwa sababu kidole hakisafiri. Lakini wanalipa: kila upande vidole vinavyobeba maneti vimebaki viwili. Kwa kijana wa miaka 18 mwenye mkono mrefu, bei hiyo si kubwa. Kwa mtoto wa miaka 11, maneti inaanza kuteleza, na ili isianguke anaibana kwa gumba, na hapo amerudi palepale pa kwanza. Mtoto ashike kwa kidole kimoja huko juu. Mtu mzima achague, lakini achague moja, aizoee. Kubadilisha kila wiki kwa kuwa umeona bingwa wa mtaa wa pili anashika vingine ni kupoteza franka zako.

Halafu kuna ile inayoitwa kucha ya chui, mtindo ambao shahada ya kuume inakunjwa kama ndoano juu ya vifungo vya kare na triangili, ili gumba libaki kwenye kijiti cha kuume. Si uvumbuzi wa wahuni. Wachezaji wa Japani waliufanya kwa upande wa kushoto kwenye mashine ndogo ya PSP, kwa mchezo wa Monster Hunter, kwa sababu mashine ile ilikuwa na kijiti kimoja tu na ilibidi macho na miguu viongozwe kwa mkono uleule. Kwenye michezo ya vita, ambako mtu anatakiwa kulenga na kuruka kwa nukta moja, kuna faida. Lakini kwenye mpira? Chenga ya kijiti cha kuume inakuja kwanza, pasi inafuata. Gumba lina muda wa kutosha kuhama. Kijana anayekunja shahada kwa saa tatu ili acheze mpira anajitesa kwa kazi ambayo haipo. Anafanya hivyo kwa kuwa ameona video kwenye simu. Uzuri wake ni wa kuonekana tu, na kiungo cha kidole hakiangalii video.

Mambo mengine ya chumba si kosa la mchezaji. Benchi nyingi ni fupi sana, magoti yanapanda juu kuliko kiuno, na vigasha havina pa kulala. Televizyo imetundikwa juu ukutani ili isiibwe, na sababu hiyo inaeleweka, lakini shingo inakaa imeinuka saa nzima, na mkono unaanza kuuma kutoka begani, si kutoka vidoleni. Mwenye chumba akiishusha televizyo hadi usawa wa macho ya mtu aliyekaa na kuifunga kwa chuma, haibiwi zaidi ya hapo. Benchi ikiongezewa ubao mmoja, magoti yanashuka. Hiyo si gharama ya kumfilisisha mtu. Na nyaya: kwenye vyumba vyenye mashine za zamani, waya wa maneti ni mfupi, mchezaji anavutwa mbele kama mbuzi kwenye kamba. Wasogeze mashine, si mtu.

Lakini jambo kubwa ni maneti mbovu.

Kila chumba kinayo. Wachezaji wote wanaijua. Ni ile ambayo mpira wa juu ya kijiti umekatika, mtu amefunga mahali pake kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Ni ile ambayo mchezaji anatembea mwenyewe kuelekea kushoto bila kuguswa. Ni ile ambayo R2 inataka kubonyezwa hadi mwisho ndipo mtu akimbie. Sababu yake inajulikana. Ndani ya kijiti kuna njia ndogo ya kaboni ambayo kipande cha chuma kinasugua juu yake, na mashine inasoma hapo kijiti kiko wapi. Kila mzunguko unakwangua kidogo. Vumbi linaingia, na vumbi la Goma, lile jeusi la volkano, halina huruma kwa kitu chochote. Njia ikilika, mashine inasoma vibaya. Mchezaji anasukuma kwa nguvu zaidi ili mashine imsikie, na kadiri anavyosukuma ndivyo inavyolika zaidi. Maneti mbovu inafundisha mkono kubana, na mkono uliozoea kubana unaharibu hata maneti nzuri ya kesho.

Nani anapewa ile mbovu? Desturi ni kwamba anayefungwa anatoka, na mshindi anabaki na maneti yake. Maana yake ni kwamba mgeni anayeingia anachukua iliyoachwa na aliyefungwa, na aliyefungwa mara nyingi alifungwa kwa sababu hiyohiyo. Mwenyeji wa chumba, rafiki wa mwenye chumba, bingwa wa avenue, wote wanashikilia ile nzuri toka asubuhi. Mtoto aliyefika mwezi uliopita na jamaa yake, ambaye hajulikani, ambaye lafudhi yake inachekwa, anakaa upande wa pili. Analipa franka zilezile. Anafungwa mabao matano. Anaambiwa kwamba huko kijijini kwao hawajui kucheza. Haya yanaonekana kama mambo ya kitoto, lakini ugomvi mwingi wa vyumba hivyo unaanzia hapo, na baadhi yake unamalizikia nje kwa mawe.

Dawa ipo, na mpira wenyewe umeshaifundisha. Uwanjani timu zinabadilishana upande wakati wa mapumziko. Zinafanya hivyo kwa sababu upande mmoja una jua la machoni, au upepo, au mteremko, na si haki timu moja ibebe hayo dakika zote 90. Kwa nini maneti zisibadilishane vilevile? Dakika ya 45 ikifika, kila mmoja anampa mwenzake aliyonayo. Kila mtu amecheza nusu na nzuri, nusu na mbovu. Mshindi ameshinda kweli.

Wanaopinga wanaleta hoja tatu. Ya kwanza, kwamba kila mchezaji ana mpangilio wake wa vifungo, na kubadilishana kutauvuruga. Mpangilio unabadilishwa kwenye menyu ya kusimamisha mchezo, na wengi wa wanaosema hivyo wanatumia ule wa kiwanda tangu wazaliwe. Ya pili, kwamba muda utapotea na mwenye chumba atapata hasara. Kupeana maneti kunachukua muda kama wa kupeana mkono. Ya tatu ni nzito kidogo: kwenye mashine nyingine maneti zisizo na waya zimefungwa na akaunti ya mtu, na zikibadilishwa namba inachanganyikiwa. Hapo wachezaji wenyewe wabadilishane timu kwenye menyu ya upande, jambo ambalo michezo mingi ya mpira inaruhusu kabla ya kuendelea na kipindi cha pili. Kwa hiyo si hoja ya kuzuia. Ukweli ni kwamba anayekataa ni yule aliyeshika nzuri, na hilo halihitaji maelezo.

Kuna faida nyingine ambayo wenye vyumba hawajaifikiria. Bingwa wa chumba akianza kushika ile mbovu kila kipindi cha pili, ataipigia kelele mwenyewe. Malalamiko ya mgeni hayasikiki. Ya bingwa yanasikika siku hiyohiyo. Kijiti kinabadilishwa na fundi wa simu mwenye chuma cha kuunganisha, na mpira mpya wa juu ya kijiti ni kitu kidogo sana. Vyumba vitatengeneza maneti haraka zaidi pale ambapo mtu mwenye sauti anaumia.

Hapa kuna jambo la pembeni, lakini haliwezi kupitwa. Koltani inayochimbwa Rubaya, huko Masisi, inatoa tantali, na tantali inakwenda kwenye vipande vidogo vya vyombo vya elektroniki duniani kote. Mwaka 2000 bei yake ilipanda sana, na kutoka kwa PlayStation 2 mwaka huo kulitajwa miongoni mwa sababu, pamoja na simu. Vijana wanaokaa kwenye benchi za Goma wamekimbia kutoka milima ileile. Mikono ya baba zao ilichimba kwa nyundo na koleo. Kuona watoto wao wanapewa maneti iliyokufa, tena kwa malipo, kunauma kwa namna yake.

Turudi kwa wadogo. Mkono wa mtoto si mkono wa mtu mzima uliopunguzwa. Nguvu zake pia ni ndogo. Microsoft ilijifunza hilo kwa aibu. Xbox ya kwanza ya mwaka 2001 ilikuja na maneti kubwa mno hata ikapewa jina la utani, na kwa soko la Japani kampuni ililazimika kutengeneza nyingine ndogo, ambayo baadaye ikawa ya wote. Maneti ya PlayStation 4 ina uzito wa karibu gramu 210, ya PlayStation 5 karibu gramu 280. Tofauti hiyo ni kama yai moja na kidogo, na mtu mzima haihisi. Mtoto wa miaka 9 aliyeiinua hewani nusu saa anaihisi. Alaze vigasha, aweke maneti juu ya kitenge kilichokunjwa mapajani, na acheze mechi moja, si nne.

Wasichana nao wanacheza, pale wanaporuhusiwa kukaa. Wengi wanapewa zamu ya mwisho na maneti ya mwisho, kisha wanaambiwa mikono yao ni midogo. Mikono midogo inataka kushika vingine tu: shahada moja juu, vidole vitatu nyuma, gumba lisinyooshwe hadi triangili bali kiganja kizima kisogee kidogo. Wakishajua hivyo, baadhi ya mabingwa watapata kazi.

Kuna pia wale ambao vita au ajali imewachukulia kidole au mkono. Katika jamaa zinazopokea wageni wapo, na wao pia wana miaka 15, wana 20, wanataka kucheza. Huko ng'ambo kuna maneti zilizotengenezwa kwa ajili yao: Microsoft ilitoa yake mwaka 2018, Sony mwaka 2023, zenye vifungo vipana vinavyoweza kupangwa mezani. Hazipo kwenye soko la Virunga. Lakini maneti ya kawaida inaweza kufungwa kwa kamba juu ya ubao, ubao ukakaa mezani, na kitu kikishakaa imara hakihitaji tena vidole vya kukibeba. PlayStation 4 ina sehemu kwenye mipangilio yake inayoruhusu kuhamisha kazi ya kifungo chochote kwenda kingine, na michezo ya FIFA ina mtindo wa kucheza kwa vifungo viwili tu. Mwenye chumba anayejua kusoma menyu anaweza kumpangia mtu wa namna hiyo kwa dakika tano. Wenye vyumba wachache wanafanya hivyo, na wanastahili heshima.

Kuhusu maumivu yenyewe, watu wasiyachukue kama mzaha. Hili si jambo jipya wala la Afrika. Mwaka 1999 mchezo mmoja wa Nintendo, Mario Party, ulikuwa na sehemu ambazo mchezaji alitakiwa kuzungusha kijiti upesi iwezekanavyo. Watoto wa Marekani wakakizungusha kwa kiganja, ngozi ikachubuka, na mwaka uliofuata kampuni ilikubaliana na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kuwapa wachezaji glavu. Glavu, kwa mchezo wa kwenye televizyo.

Maumivu yanayoonekana zaidi hapa ni yale ya chini ya gumba, upande wa kifundo cha mkono. Huko nyuzi mbili za gumba zinapita ndani ya mfereji mwembamba, na zikisuguliwa mno mfereji unavimba. Mganga mmoja wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1895, mbele sana ya maneti. Akina mama wenye watoto wachanga wanaupata kwa kuinua mtoto chini ya makwapa, na wafuaji kwa kukamua nguo. Ili kujipima, ficha gumba ndani ya ngumi, kisha shusha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Likichoma sana pale chini ya gumba, pumzisha mkono siku kadhaa: usicheze, na kazi nzito ipe mkono mwingine kadiri inavyowezekana. Maji baridi yanasaidia. Likiendelea kwa wiki mbili, au vidole vikianza kufa ganzi usiku, nenda kituo cha afya. Kununua vidonge vya maumivu kwenye famasi ya pembeni na kurudi kwenye benchi ni kuzima kengele huku nyumba ikiungua. Na wale wanaovuta kidole hadi kilie hawatibu kitu, wanaongeza uvimbe.

Njia rahisi ya kuepuka yote hayo iko ndani ya mchezo wenyewe. Kila bao linapoingia, mashine inalionyesha tena. Muda huo ni wa kufungua viganja, kutikisa vidole, kushusha mabega. Tatizo ni kwamba karibu kila mchezaji anabonyeza iksi mara moja ili marudio yapite, kwa kuogopa muda wake uliolipiwa. Kwenye vyumba vinavyolipisha kwa mechi, woga huo hauna msingi hata kidogo, kwani mechi haipungui. Aliyefungwa anataka marudio yapite kwa sababu ya aibu. Aliyefunga anataka yaendelee ili acheke. Kwa mara hii mwenye kucheka aachiwe, mikono yote minne ipumzike, na kipindi cha pili kikianza, maneti zivuke kwenda upande wa pili wa benchi.